Kuhamisha blogu kutoka Blogger kwenda WordPress bila kupoteza anwani, picha wala maoni

Swali huja kwa sura tofauti lakini ni lilelile. Mmoja anauliza kama akihama Blogger wasomaji wake watampata. Mwingine ana picha za miaka kumi na anaogopa zitabaki nyuma. Juzi dada mmoja wa Mwanza aliniandikia kwamba ameshalipia seva (kompyuta ya mtandaoni inayohifadhi tovuti), ameshafungua WordPress, na sasa ananakili chapisho mojamoja na kulibandika upande wa pili. Alikuwa amefika la hamsini na tano kati ya mia sita. Nilimwomba asimame hapohapo. Kazi hii ina njia yake, na ukiifuata kwa utulivu inakwisha ndani ya wikiendi moja, ukiacha muda wa kusubiri.

Mwongozo huu ni wa kutoka Blogger, yaani zile blogu za blogspot.com, kwenda WordPress unayoiendesha mwenyewe. WordPress ziko mbili na watu huzichanganya. Kuna WordPress.com, ambako unafungua akaunti na wenyewe wanakuhifadhia kila kitu. Halafu kuna programu ya bure inayopatikana WordPress.org, ambayo unaisimika kwenye seva uliyoikodi. Nazungumzia hii ya pili. Majina ya menyu nimeyaacha kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo wengi wanavyoyaona kwenye skrini zao.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo moja: mali kubwa uliyonayo ni anwani za machapisho yako. Kuna mtu aliyetuma kiungo chako kwenye kundi la familia mwaka 2014, na mwingine amekihifadhi kwenye simu. Tovuti nyingine imekutaja, na Google imekuwekea nafasi kwenye majibu yake. Wote hao wameshika anwani. Muonekano utaupata mwingine, hata mzuri zaidi, lakini anwani ikifa msomaji anakutana na ukurasa wa kosa na hana sababu ya kukutafuta tena. Ndiyo maana nasisitiza: usibadilishe jina la blogu na seva yake kwa siku moja. Anza na jina, liache litulie, kisha hamisha vyombo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta. Kuandika blogu kwa simu kunawezekana, kuhamisha kwa simu ni mateso. Azima hata kwa siku mbili.
- Akaunti ya Google inayomiliki blogu, ukiwa na cheo cha msimamizi. Kama blogu ilifunguliwa na mtu mwingine ambaye hampatani tena, limalizeni hilo kwanza.
- Domeni yako mwenyewe, yaani jina la tovuti yako, kwa mfano la .co.tz, .co.ke au .com. Hakikisha imesajiliwa kwa jina lako na kwa barua pepe yako, si kwa jina la fundi.
- Hostingi, yaani nafasi ya kukodi kwenye seva, yenye cPanel au paneli nyingine ya kuiendeshea, na cheti cha usalama cha bure (kinachofanya anwani ianze na https).
- Bando la kutosha, na flashi au diski ya kuwekea nakala.
- Daftari. Kweli kabisa, daftari na kalamu.

Kama uko Tanzania na blogu yako ina leseni ya maudhui ya mtandaoni, wasiliana na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla ya kubadili anwani. Kanuni hizo zilianza mwaka 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa tena baadaye, kwa hiyo usitegemee maelezo ya rafiki aliyesajili zamani.

Hatua ya 1: Hesabu ulichonacho

Fungua Blogger, uandike kwenye daftari idadi ya machapisho, idadi ya maoni, idadi ya kurasa za kudumu na orodha ya lebo. Kisha nenda Stats na uandike anwani kamili za machapisho 20 yanayosomwa zaidi. Orodha hii ndiyo itakayokuwa kipimo chako mwishoni.

Mfano nitakaoutumia ni blogu ya mapishi ya dada yangu, ambayo tuliihamisha pamoja. Alikuwa na machapisho 412 na kurasa 5, na chapisho lililokuwa likibeba blogu nzima lilikuwa la mandazi ya iliki, la Agosti 2013. Anwani yake iliishia hivi:

/2013/08/mandazi-ya-iliki.html

Itazame vizuri. Ina mwaka, mwezi, jina, na mwisho .html. Kila chapisho la Blogger lina umbo hilo. Kurasa za kudumu zinaanza na /p/, na lebo zinaanza na /search/label/. Maumbo haya matatu tutayarudia.

Piga pia picha za skrini za ukurasa wa mbele na za vijisanduku vya pembeni. Vijisanduku havihami, wala idadi ya waliokutembelea, wala orodha ya wafuasi wa Blogger. Wafuasi waandikie chapisho la kuwaaga mapema, uwape anwani mpya.

Hatua ya 2: Unganisha domeni na Blogger, kisha subiri

Hapa ndipo wengi wanaporuka. Wananunua domeni, wanaipeleka moja kwa moja kwenye seva mpya, na blogspot inabaki na anwani zake zote bila njia ya kuja huku. Wewe fanya hivi: ukiwa bado uko Blogger, nenda Settings, sehemu ya Publishing, bofya Custom domain, andika www.jinalako.co.tz. Blogger itakupa rekodi mbili za CNAME (maelekezo ya wapi jina linaelekea) za kuweka kwenye paneli ya domeni yako. Moja ni ya www kuelekea ghs.google.com, ya pili ni ya kuthibitisha kwamba domeni ni yako, na kila mtu hupewa ya kwake. Ili jina lifunguke hata bila www, weka pia rekodi nne za A, zinazoelekeza jina kwenye namba za seva:

216.239.32.21
216.239.34.21
216.239.36.21
216.239.38.21

Rekodi zikishaonekana, rudi Blogger uhifadhi, kisha washa Redirect domain, HTTPS availability na HTTPS redirect. Kuanzia hapo mtu akibofya kiungo cha zamani cha blogspot, Google yenyewe inampeleka kwenye chapisho lilelile chini ya jina lako jipya.

Sasa subiri. Miezi miwili au mitatu ingekuwa vizuri, wiki sita si haba. Katika muda huo Google inabadilisha anwani za blogspot kwenye majibu yake na kuweka za domeni yako. Endelea kuandika kama kawaida. Ukiwa na haraka utaona kama muda unapotea, lakini ndani ya wiki hizo wasomaji wanahamia kwenye jina jipya bila wao kujua.

Kama domeni yako imeunganishwa na Blogger miaka yote, ruka hatua hii. Una bahati.

Hatua ya 3: Pakua nakala ya blogu

Nenda Settings, shuka hadi Manage blog, bofya Back up content. Ikikupeleka Google Takeout, chagua Blogger peke yake, subiri barua pepe, pakua faili la zip na ulifungue. Ndani ya folda yenye jina la blogu yako tafuta feed.atom. Ikikupa faili la .xml moja kwa moja, hilo ndilo. Liweke kwenye kompyuta na kwenye flashi.

*Kosa linalorudiwa sana:* watu wanaingia Theme na kubofya Backup huko. Wanapata faili la .xml, wanafurahi, kumbe wamechukua muonekano tu. Halina chapisho hata moja ndani. Lifungue faili lako kwa Notepad na utafute maneno ya chapisho unalolijua. Mimi nilitafuta neno "iliki". Likionekana, endelea.

Kuanzia sasa usichapishe kitu kipya Blogger mpaka uhamaji uishe. Maoni yatakayoingia baada ya nakala hii hayamo ndani ya faili.

Hatua ya 4: Andaa WordPress

Domeni yako bado inaelekea Blogger, na ndivyo tunavyotaka, wasomaji wasijue kinachoendelea jikoni. Lakini wewe unahitaji kuiona seva mpya. Njia ninayoipenda ni faili la hosts la kompyuta yako, linaloiambia kompyuta hiyo jina fulani liko kwenye seva gani. Kwenye Windows liko hapa:

C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts

Fungua Notepad kama msimamizi, fungua faili hilo, ongeza mstari mmoja mwishoni wenye namba ya IP ya seva yako mpya (iko kwenye barua pepe ya hostingi), kisha nafasi, kisha jina lako:

IP_ya_seva www.jinalako.co.tz jinalako.co.tz

Hifadhi. Kompyuta yako pekee sasa inaiona seva mpya, dunia nzima bado inaiona Blogger. Andika kwenye daftari: "FUTA MSTARI WA HOSTS". Utanishukuru.

Simika WordPress kupitia paneli ya hostingi, ukichagua anwani yenye www, kama ilivyokuwa Blogger. Kama cheti cha usalama hakiwezi kutolewa kabla domeni haijahamia, simika kwanza kwa http, tutarekebisha. Kisha ingia kwenye dashibodi na ufanye haya kabla ya kuingiza chapisho lolote:

1. Settings, General: weka saa ya Dar es Salaam, Nairobi au mji uliokuwa umeuweka Blogger. Usiidharau hii. Chapisho ulilolituma saa saba usiku tarehe 1 Mei, kwa saa ya UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu) bado ni tarehe 30 Aprili. Saa ikiwa si sahihi, anwani yake inaweza kugeuka kutoka /05/ kuwa /04/, na viungo vyote vya nje vinavyoielekea vinakufa.
2. Settings, Permalinks: chagua Custom Structure, andika `/%year%/%monthnum%/%postname%.html` na uhifadhi. Huo mstari ndio unaofanya anwani za WordPress zifanane na za Blogger.
3. Settings, Reading: weka alama kwenye Discourage search engines. Nayo iandike kwenye daftari, kwa sababu lazima uje kuiondoa.
4. Futa chapisho la mfano na ukurasa wa mfano uliokuja na WordPress.

Watu watakushauri uondoe mwaka na .html kwenye anwani ili ziwe fupi. Kwa blogu mpya, sawa. Kwa blogu yenye historia, ziache zilivyo.

Hatua ya 5: Ingiza machapisho

Nenda Tools, Import. Kwenye mstari wa Blogger bofya Install Now, kisha Run Importer. Chagua faili lako, pakia. Itakuuliza machapisho yawe ya mwandishi gani. Chagua jina lako, na kama mlikuwa waandishi wanne, watengenezee wenzako akaunti kwanza ili kila mtu arudishiwe kazi yake.

Acha dirisha wazi. Usiguse. Umeme ukikatika au mtandao ukigoma katikati, usifadhaike: rudia kupakia faili lilelile, programu hii inatambua machapisho yaliyokwisha kuingia na haiyarudii.

Ikimaliza, linganisha idadi na daftari lako. Kwa dada yangu yalikuwa 412 hapa na 412 pale, akapiga vigelegele. Kama kuna upungufu wa machache, angalia kwanza kama yale yaliyokosekana yalikuwa rasimu au ni kurasa za kudumu. Kurasa haziji kwa njia hii, zitengeneze mwenyewe. Mara nyingi ni "Kuhusu mimi", "Wasiliana" na nyingine mbili tatu, kazi ya nusu saa.

Lebo zako zote zitakuwa zimegeuka kuwa kategoria, na kama ulikuwa unabandika lebo kumi kwa kila chapisho utakuta kategoria mia mbili. Chagua nane au kumi zenye maana zibaki kategoria. Zilizobaki zigeuze kuwa tagi kwa kutumia Categories and Tags Converter, iliyopo palepale kwenye Tools, Import.

Hatua ya 6: Picha

Naomba uisome hatua hii polepole.

Picha za Blogger zinakaa kwenye seva za Google, kwenye anwani zenye bp.blogspot.com au blogger.googleusercontent.com. Baada ya kuingiza, machapisho yako WordPress yanaweza kuonyesha picha zote vizuri kabisa, nawe ukaamini zimehama, kumbe bado zinavutwa kutoka Google. Hilo ndilo lililonipata mwaka 2016 nilipohamisha blogu yangu ya kwanza. Niliona picha zote ziko sawa, nikafuta blogu ya zamani pamoja na albamu ya picha zake ili nipate nafasi kwenye akaunti. Asubuhi yake kila chapisho lilikuwa na kisanduku cheupe mahali pa picha. Nyingi nilizipata kwenye simu za ndugu. Picha ya bibi yangu amekaa barazani akisuka ukili, miguu ameinyoosha, mshupatu umemzunguka kiunoni, haikuwa na nakala nyingine popote. Bibi alikuwa ameshafariki.

Kwa hiyo hakiki. Fungua chapisho, bofya picha kwa kitufe cha kulia, ifungue kwenye kichupo kipya, usome anwani yake. Ikiwa na jina la domeni yako na maneno wp-content/uploads, picha iko kwako. Ikiwa na jina la Google, bado hujahama. Fanya hivyo kwa machapisho ishirini ya miaka tofauti, kwa sababu mara nyingi ya karibuni yanakuwa sawa na ya zamani hayako sawa.

Picha iliyobaki nyuma unaivuta hivi: fungua chapisho kwenye kihariri, bofya Convert to blocks, chagua picha, na kwenye upau wa juu yake bofya alama ya kupakia kwenye Media Library. Kama zilizobaki ni mamia, tafuta plagini (programu ndogo ya kuongeza kwenye WordPress) ya kuvuta picha za nje, ila kabla ya kuisimika angalia kama imesasishwa hivi karibuni na kama imejaribiwa na toleo lako la WordPress.

Angalia na ukubwa. Anwani ya picha ya Blogger huwa na kipande kama /s320/ katikati, maana yake umeletewa picha yenye upana au urefu usiozidi pikseli 320. Picha kubwa zaidi, isiyozidi pikseli 1600, iko kwenye anwani ileile ukibadilisha kipande hicho kuwa /s1600/. Kwa mapishi, ambako msomaji anataka kuona mandazi yalivyovimba, picha ya 320 haitoshi.

Bila kujali matokeo, pakua pia albamu zako zote kupitia Google Takeout na uziweke kwenye diski.

Hatua ya 7: Elekeza anwani ambazo hazifanani

Machapisho tayari yana anwani zilezile. Zimebaki kurasa, lebo na mlisho (feed, anwani ambayo programu za kusomea hufuatilia machapisho mapya). Kama seva yako inaendeshwa na programu ya Apache au LiteSpeed, fungua faili la .htaccess kupitia File Manager na uweke mistari hii juu ya mstari unaosema # BEGIN WordPress:

RewriteEngine On
RewriteRule ^p/([^/]+)\.html$ /$1/ [R=301,L]
RewriteRule ^search/label/([^/]+)$ /category/$1/ [R=301,L]
RewriteRule ^feeds/posts/default$ /feed/ [R=301,L]

Kabla ya kuhifadhi, nakili faili lote la zamani mahali salama. Herufi moja ikikosewa hapa, tovuti nzima inatoa kosa la 500, na dawa yake ni kurudisha lile la zamani. Namba 301 inamwambia Google kwamba anwani imehama moja kwa moja, siyo kwa muda. Ile ya kurasa inafanya kazi tu kama jina la ukurasa WordPress ni lilelile la Blogger, kwa hiyo kama ulikuwa na /p/kuhusu-mimi.html, ukurasa mpya nao uwe kuhusu-mimi. Lebo ulizozigeuza kuwa tagi hazitafika kwa mstari huo wa kategoria. Zile zinazotembelewa zielekeze mojamoja kwa plagini iitwayo Redirection.

Sasa chukua ile orodha ya anwani 20 na uifungue moja baada ya nyingine. Yenye ng' au alama za kunukuu kwenye kichwa cha habari ziangalie kwa makini zaidi. Ikitokea moja haifunguki, fungua chapisho hilo kwenye kihariri, washa Custom fields, utaona blogger_permalink: hiyo ndiyo anwani yake ya zamani. Sahihisha jina la chapisho lifanane nayo.

Hatua ya 8: Geuza domeni

Siku moja kabla, ingia kwenye paneli ya domeni upunguze TTL (muda ambao mitandao inakumbuka rekodi) ya rekodi zako hadi sekunde 300, yaani dakika tano. Siku yenyewe chagua saa ambayo wasomaji wako wamelala. Futa zile rekodi nne za A za Google uweke moja ya IP ya seva mpya. Futa CNAME ya www inayoelekea ghs.google.com, uweke www ielekee jina lako.

*Onyo:* badilisha rekodi hizo tu. Ukibadilisha nameservers zote (seva zinazotunza rekodi zako) bila kunakili rekodi za MX, zinazoelekeza barua pepe, barua pepe ya ofisi inakatika, na mara nyingi unajua siku ya tatu, mteja anapolalamika kwamba hujibu.

Kisha futa ule mstari wa hosts. Fungua tovuti kwa simu yenye data, siyo Wi-Fi ya nyumbani. Ukishaona seva mpya, toa cheti cha usalama kwenye paneli. Kama ulisimika kwa http, nenda Tools, Site Health, na ubofye kitufe cha kuhamia HTTPS.

Hatua ya 9: Siku hiyohiyo, kabla hujalala

Ondoa alama ya Discourage search engines. Nairudia kwa sababu nimewahi kuitwa kuokoa blogu iliyopotea Google kwa miezi minne, na tatizo lilikuwa hicho kisanduku kimoja.

Ingia Search Console, huduma ya Google inayoonyesha jinsi inavyoiona tovuti yako, wasilisha ramani ya tovuti, ambayo WordPress inaitengeneza yenyewe kwenye /wp-sitemap.xml. Kwa wiki mbili zijazo pita kila siku kwenye ripoti ya Pages, uone anwani zilizoandikwa Not found, uzielekeze.

Kama unapata fedha za AdSense (matangazo ya Google), ongeza tovuti kwenye akaunti yako ya AdSense na uweke faili la ads.txt kwenye folda kuu ya tovuti. Lina mstari mmoja, na namba ya pub ni yako:

google.com, pub-0000000000000000, DIRECT, f08c47fec0942fa0

Blogu ya zamani uifanyeje?

Usiifute. Wala usiondoe domeni kwenye mipangilio yake ya Blogger, kwa sababu ukiiondoa, blogspot inafufuka na Google inaanza kuona blogu mbili zinazofanana. Iache kama ilivyo. Mtu atakayekuja kwa kiungo cha blogspot ataona ukurasa wa Google unaomwambia kwamba blogu hii sasa iko kwenye jina lako, na atabofya kuendelea. Ukurasa huo unapunguza watu, na ndiyo maana tulisubiri zile wiki za hatua ya 2.

Ingia kwenye akaunti hiyo ya Google mara kwa mara. Tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili, pamoja na vilivyomo. Kama umeshafuta blogu kwa bahati mbaya, una siku 90 za kuirejesha ukiwa ndani ya Blogger.

Mambo yakikwama

*Faili linakataliwa kwa ukubwa.* Seva nyingi zinaanza na kikomo kidogo, na cha kawaida cha PHP, lugha inayoendesha WordPress, ni MB 2. Kwenye cPanel tafuta MultiPHP INI Editor, uongeze upload_max_filesize na post_max_size hadi 64M.

*Imeingiza machapisho 0.* Umepakia faili la muonekano, au umepakia zip bila kuifungua. Rudi hatua ya 3.

*Ukurasa wa mbele unafunguka, machapisho yote yanasema 404 (haupatikani).* Nenda Settings, Permalinks, bofya Save Changes bila kubadili chochote. Mara nyingi inatosha.

*Video za YouTube zimetoweka.* Msimbo wa video huchujwa wakati wa kuingiza. Nakili anwani ya video, ibandike kwenye mstari wake peke yake ndani ya chapisho, WordPress itaigeuza kuwa video. Dada yangu alikuwa nazo 31, tukagawana jioni moja.

*Nahitaji kuingiza upya kutoka mwanzo.* Futa machapisho, kisha safisha na kapu la Trash. Yakiwa bado kwenye kapu, programu itayaona kama yapo na kuyaruka.

*Kufuli ya usalama haionekani ingawa cheti kipo.* Kuna picha bado zinaitwa kwa http. Anza na Site Health. Zikibaki, tumia plagini ya Better Search Replace kubadili http:// ya jina lako kuwa https://, baada ya kuchukua nakala ya hifadhidata.

*Mimi naona tovuti mpya, wenzangu wanaona ya zamani.* Mstari wa hosts bado uko kwenye kompyuta yako na domeni haijageuka. Na ikiwa ni kinyume, wao wanaona mpya wewe unaona ya zamani, zima na uwashe ruta, kisha subiri saa chache.

*Maoni yameingia lakini picha ndogo za watoa maoni hazipo.* Hizo hazihami. Majina, tarehe na maneno yao yapo, pamoja na yale ya msomaji mmoja wa Muscat aliyeandika chini ya mandazi ya iliki kwamba ameyapika kwa mama yake aliyekulia Unguja, na mama akauliza nani amemfundisha.